Dawa ya chunusi: tyubu ya kununua kwanza ukiwa Mbeya

Ukienda sokoni Mwanjelwa kutafuta dawa ya chunusi, maduka ya vipodozi yatakuita kabla hujaiona famasi. Yapite. Pesa ya kwanza iishie famasi.

Chunusi huanzia ndani ya kinyweleo: mafuta yanazidi, hasa homoni zinapochachamaa wakati wa balehe, seli zilizokufa zinaziba tundu, bakteria wanazaliana humo. Vichwa vyeusi na vyeupe ni hatua nyepesi. Vipele vyekundu vyenye usaha, imepanda. Vinundu vya ndani vinavyouma na kuacha makovu, usinunue kitu. Nenda kwa daktari wa ngozi.

Namba moja kwangu ni jeli ya benzoili peroksaidi. Inaua bakteria, nao hawaizoei kama wanavyozoea antibayotiki. Chukua ya asilimia 2.5, ukiikosa 5. Muuzaji atakusogezea ya 10 eti ndiyo kali. Kweli ni kali: inababua zaidi, lakini haiponyi zaidi. Tena inachujua nguo. Mdogo wangu alijipaka asubuhi moja ya Julai, akavuta sweta la shule hadi kidevuni kwa baridi. Kola ya bluu ikageuka rangi ya chungwa, na mama hajasahau. Paka usiku, lalia foronya nyeupe.

Namba mbili, adapalini ya asilimia 0.1. Hii inazibua vinyweleo, kwa hiyo kama shida yako ni vichwa vyeusi, ipandishe iwe ya kwanza. Punje ya njegere inatosha uso mzima, usiku, kwa wiki 12 bila kukata tamaa. Mwanzoni uso hukauka na kubanduka, na upepo wa Uyole hausaidii. Mjamzito asiiguse.

Wenye vipele vya kuhesabika wanaweza kuanza na sabuni ya maji yenye asidi ya salisiliki asilimia 2. Sabuni ya salfa inafuata kwa mbali.

Krimu za kuchanganya, zile za kopo lisilo na lebo, sizipi namba. Humo hujificha steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi, kama klobetasoli: wiki mbili unang'aa, ukiacha chunusi zinarudi kwa hasira na ngozi imeshakuwa nyembamba.

Chenji ikibaki, nunua losheni nyepesi isiyoziba vinyweleo. Najua Juni ikifika kila mtu anakimbilia mafuta ya nazi. Mwachie asiye na chunusi.