Karata za kukusanya kwenye simu: ipi ununue, ipi ucheze bure

Wadogo zangu huniuliza swali moja kila wakipata hela kidogo: nina elfu ishirini na tano, niiweke kwenye gemu gani ya karata? Kwa shilingi za Tanzania, hiyo ni kama dola 10 hivi. Jibu langu huwaudhi, kwa hiyo nianze na gemu zenyewe.

Anayecheza karata barazani anajua kwamba nusu ya mchezo iko usoni. Mwenzako akikohoa kidogo, unajua ameshika turufu. Mchezo ukihamia kwenye simu, uso unapotea. Gemu inayofaulu ni ile iliyotafuta kitu cha kuweka mahali pa huo uso. Nyingi hazikutafuta. Zilichukua karata za mezani, zikazimwaga kwenye kioo, basi.

1. Marvel Snap (2022). Kwangu hii inaongoza, na sababu ni kwamba haikuwahi kuwa ya karatasi. Fungu lako lina karata 12 tu. Mnagombea maeneo matatu kwa raundi sita, na kila raundi mnaweka karata kwa wakati mmoja, ndipo zinafunuliwa. Hakuna kumsubiri mtu anayewaza dakika nzima. Mechi inaisha kabla konda hajarudisha chenji.

Uso umerudi kupitia kitufe kimoja. Ukijiona una nguvu, unabonyeza *snap*, na dau la mechi linapanda maradufu. Mwenzako anabaki na maswali: huyu ana kitu kweli, au ananitisha tu? Anaweza kukimbia akapoteza kidogo, au akakaa akahatarisha pointi hadi 8 za daraja. Nimewahi kushinda nikiwa na karata mbovu kabisa mkononi, kwa kubonyeza tu. Barazani hiyo inaitwa kumla mtu kwa mdomo.

Ubaya wake ni kwamba karata mpya huja kwa kudondoka, na anayetaka zote atakesha. Halafu kuna Januari 2025. Marekani ilipoifungia TikTok, Snap nayo ilizimika huko kwa sababu msambazaji wake, Nuverse, alikuwa wa kampuni hiyohiyo ya ByteDance. Ilirudi baada ya siku chache, lakini watu waliolipa waliamka asubuhi wakakuta karata zao hazipo.

2. Magic: The Gathering Arena (kompyuta 2019, simu 2021). Magic ya karatasi ilianza mwaka 1993, na kitabu chake cha kanuni sasa ni cha mamia ya kurasa. Mezani kanuni hizo huzaa ugomvi. Kwenye Arena mwamuzi ni mashine: inajua kipi kinatangulia, nani ana haki ya kujibu, na mnyama gani amekufa. Kwa anayejifunza peke yake, mahali ambapo hakuna duka lenye meza za Magic, sijaona mwalimu bora.

Lakini mwamuzi huyo ana mdomo mpana. Mpinzani anacheza karata, na wewe una karata ya kuizuia. Mashine inasita sekunde moja ikikungojea. Yeye kule anaona kila kitu kimeganda, anajua tayari: huyu ana kitu! Kama huna la kujibu, mchezo unapita moja kwa moja. Ndiyo maana wazoefu huiamuru mashine isimame kila hatua hata wakiwa mikono mitupu, ili kule kuganda kusimwambie mtu chochote. Wamejifunza kukohoa kwa makusudi.

Kubadilishana karata hakuna. Badala yake unapewa karata maalum ambazo unazigeuza kuwa yoyote unayoitaka ya kiwango hichohicho. Zitunze. Usizimalize siku ya kwanza kwa sababu umependa picha ya joka. Na kwenye simu ndogo maandishi yake yanachosha macho, hasa meza ikijaa.

3. Pokémon TCG Pocket (Oktoba 2024). Hapa walipunguza bila huruma. Fungu la karata 60 limekuwa 20, na mshindi ni wa kwanza kufika pointi 3. Nishati, ile inayowapa Pokémon wako nguvu ya kushambulia, ambayo mezani unaombea uilambe, inakuja yenyewe kila zamu. Mchezo umekuwa mwepesi, mara nyingine mwepesi mno: sarafu ikiangukia upande mbaya mara mbili, umekwisha.

Ila wengi hawaji kucheza, wanakuja kufungua pakiti. Mbili kwa siku bure, moja kila saa 12. Unapitisha kidole juu ya pakiti, inachanika, karata zinatoka moja moja: garasa, garasa, garasa, halafu ile ya mwisho inang'aa. Umelamba dume. Kama unataka albamu, hii ndiyo. Kubadilishana kuliletwa Januari 2025, na masharti yake ni mengi kuliko raha yake.

4. Hearthstone (2014). Hii ndiyo iliyoonyesha kwamba inawezekana. Iliondoa kabisa kujibu wakati wa zamu ya mwenzako, ikaleta karata zinazozalisha karata nyingine papo hapo, jambo ambalo karatasi haiwezi. Bado nzuri. Tatizo ni kuingia leo, miaka zaidi ya kumi baadaye. Ukivunja karata ya daraja la juu unapata vumbi 400, na kuitengeneza nyingine kunataka 1,600. Vunja nne, upate moja. Hata muuza chuma chakavu hakupunji hivyo.

5. Yu-Gi-Oh! Master Duel (2022). Kwa waliokulia na katuni zake pekee. Mpinzani anaweza kucheza zamu yake ya kwanza hadi ukachemsha chai.

Utaona kwamba katika tano hizi, biashara ya kubadilishana karata, ambayo ndiyo iliyozipa jina la Kiingereza, *trading card games*, karibu haipo. Kampuni ya Valve ilijaribu kuirudisha mwaka 2018 kwa gemu ya Artifact: unalipa dola 20 kuingia, unanunua pakiti, unauza karata zako sokoni. Wachezaji walikimbia, na Machi 2021 ikatangazwa kwamba kazi yake imesimamishwa. Kwa hiyo karata ya simu usiihesabu kuwa mali. Nasema hivi kwa uchungu: niliwahi kujaza albamu kwenye gemu moja, jina nalihifadhi, na siku seva zilipozimwa sikubaki hata na picha.

Sasa ile elfu ishirini na tano. Gemu zote tano zinapakuliwa bure, basi zicheze bure. Hela yako nunua Balatro (2024). Si gemu ya kukusanya. Ni karata za kawaida, kopa na shupaza, unazopanga kwa mikono ya poka huku majokeri 150 wakivuruga hesabu. Kwenye simu ni takriban dola 10, unalipa mara moja, haina matangazo na haihitaji bando. Hakuna kamari ndani yake. Hata PEGI, wapangaji wa umri wa gemu kule Ulaya, waliokuwa wameiwekea umri wa miaka 18, waliushusha hadi 12 mwaka 2025.

Na kama simu ni ya familia, weka nenosiri kwenye malipo kabla ya kupakua Pocket. Mtoto akishajua jinsi ile pakiti inavyochanika, hatauliza inalipiwa na nani.