Kamera tulivu kwa mitaa ya Mtwara: ununue ya mfukoni au renjifainda?

Feri ya Msangamkuu inapogusa ardhi upande wa mjini, kuna dakika mbili hivi ambazo mpiga picha anaweza kuzingojea wiki nzima. Akina mama wanashuka na mabeseni kichwani, baiskeli zinasukumwa, mtoto kashika khanga ya mama yake ili asipotee. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nakwenda pale na DSLR, ile kamera kubwa ya dijitali yenye kioo ndani, ikiwa na lenzi ndefu. Nikiinyanyua tu, mama ananigeuzia kisogo, vijana wanajipanga na kunyoosha vidole viwili. Kile nilichokuwa nimekiona kinatoweka kabla sijabonyeza. Lile kubonyeza lenyewe lilikuwa na mlio wa kioo kinachoruka ndani, ambao hata aliyekuwa hajaniona ulimgeuza.

Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Nataka kamera isiyobadilisha nyuso za watu, na naamini wapo wengi Mtwara na Lindi wanaotafuta hiyohiyo.

Kwanza tuelewane jambo moja. Utulivu ninaousema hauna uhusiano na kuiba picha. Bibi zetu wa Kimakonde wenye nembo usoni na ndonya mdomoni wamepigwa picha na wapita njia kwa miaka mingi, mara nyingi bila hata kuamkiwa. Mimi nasema shikamoo kwanza, nakaa, tunazungumza, namwomba ruhusa. Akikubali, ndipo kamera ndogo inapofanya kazi yake: baada ya dakika kumi anaisahau na kurudi kwenye korosho anazobangua. Akikataa, kamera inabaki mfukoni. Mambo ya jando na unyago usiyaguse hata ukialikwa ngomani, na bandarini, uwanja wa ndege na kwenye mitambo ya gesi usinyanyue kamera yoyote bila kibali.

Sasa kamera zenyewe: za mfukoni, na renjifainda, yaani zile unazolenga kwa mkono kwa kuoanisha taswira mbili ndani ya dirisha. Nimezipanga kwa kuangalia ukubwa, mlio, wepesi wa kuwa tayari, kisha jinsi zinavyostahimili joto na chumvi ya bahari yetu.

Ya kwanza: Ricoh GR

Ningekuwa na nafasi ya kumshauri mtu kamera moja tu, ningemwambia hii. GR III, iliyotoka 2019, ina uzito wa gramu 257 pamoja na betri na kadi, inaingia mfuko wa shati, ila kihisi chake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kikubwa, cha saizi iitwayo APS-C, megapikseli 24, kama vile vya DSLR nyingi. Lenzi haivuti, upana wake ni sawa na milimita 28 (namba ikiwa ndogo, lenzi inaona eneo pana zaidi). Ukitaka kubana zaidi kuna GR IIIx ya 2021, sawa na milimita 40.

Kilichonifanya niiweke juu ni kitu Ricoh wanachokiita Snap Focus. Unaiambia kamera mapema umbali wa kulenga, na ukibonyeza moja kwa moja hadi chini haitafuti tena, inapiga. Panga mita 2.5 na f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la mwanga kwenye lenzi ni dogo), na kila kilicho kuanzia kama mita moja na robo hadi upeo wa macho kitatoka safi. Jua la Mtwara la saa nne asubuhi linakuruhusu f/8 bila taabu. Hapo kamera ya dijitali inafanya kilekile ambacho wazee wa renjifainda wamekuwa wakikifanya tangu zamani: kulenga kwa makadirio ya hatua, macho yakiwa kwa watu.

Shata yake, mlango unaoruhusu mwanga uingie, imo ndani ya lenzi, vibapa vidogo vinavyofunguka kutoka katikati, na ukizima milio ya kielektroniki, sokoni hakuna atakayeisikia. Ina kasoro, na nazitaja kwa sababu pesa ni yako. Haina dirisha la kutazamia, na juani kioo cha nyuma kinafifia. Utajifunza kukadiria fremu kwa mkono. Betri inamudu kama picha 200, kwa hiyo nunua mbili. Haina kinga dhidi ya vumbi wala maji, na vumbi la barabara za kwenda Newala na Tandahimba hupenya. Kabla hujanunua ya mtumba, piga picha ya anga tupu kwa f/16 na uikuze. Ukiona madoa meusi, kihisi kina vumbi na kukisafisha kunahitaji kuifungua kamera.

GR III ilizinduliwa Marekani kwa dola 899. Kama ni nyingi, tafuta GR II ya 2015. Ina megapikseli 16 na haina kitulizaji cha mtikisiko, lakini Snap Focus ni ileile, na flashi ndogo ambayo GR III imeondolewa, hii inayo.

Ya pili: Fujifilm X100

Hii inafanana na renjifainda kwa sura, na wengi hudhani ndiyo. Sivyo, ndani haina mashine ya kupima umbali kwa taswira mbili, inalenga yenyewe kwa umeme. Lakini ina dirisha la kioo kando, na ukilitazamia unaona hata kilicho nje ya fremu, mtu anayekuja kabla hajaingia. Kwa kweli hilo tu linatosha kumfanya mtu aipende. Lenzi ni sawa na milimita 35, inafungua hadi f/2, na shata yake pia imo ndani ya lenzi, kwa hiyo ni kimya sana.

Wazee huichekea. Mara mbili nimeulizwa Mikindani kama ile ni kamera ya enzi za mkoloni, na mazungumzo yakaanzia hapo. Haingii mfukoni, X100VI ya 2024 ina gramu 521, na bei yake ya kuzinduliwa ilikuwa dola 1,599. X100F ya 2017 kwa mtumba ni chaguo la busara zaidi. Ile ya kwanza kabisa, ya 2011, iache: inalenga polepole mno kwa feri.

Ya tatu: Olympus XA

Renjifainda ya mkanda iliyotoka 1979, iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani. Ina kama gramu 225, nyepesi kuliko hata Ricoh, na hapohapo ina renjifainda ya kweli: ndani ya dirisha unaona taswira mbili, unasogeza kiwiko kidogo chini ya lenzi mpaka zioane, umelenga. Unaiwasha kwa kusogeza kifuniko. Kitufe chake kinaguswa tu, hakibonyezwi, na mlio ni kama wa kidole kwenye meza.

Weka mkanda wa ISO 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kunasa mwanga), f/11, umbali kama mita 4, na mchana kutwa kuanzia mita 2 mbele yako huna haja ya kulenga. Tatizo ni mkanda wenyewe: picha 36, halafu kusafisha. Mimi yangu naituma Dar kwa basi na kungoja. Kwa kazi ya harusi hilo haliwezekani. Kwa kazi ya moyo, kule kungoja kumenifanya nipige kidogo na nitazame zaidi.

Ya nne: Sony RX100

Ile ya 2012 ni ndogo na picha zake bado nzuri kwa mtumba wa bei nafuu. Nimeishusha kwa sababu lenzi inatoka na kurudi kwa mota, na ile sekunde ya kuchomoza ndiyo inayowageuza watu. Mchanga ukiingia kwenye ile mikono ya lenzi, kamera inakwama. Kwa wanaopiga ufukweni Shangani au Lindi, fikirieni mara mbili.

Ya tano: Canonet na Yashica Electro

Canonet QL17 GIII na Yashica Electro 35 ni renjifainda za Kijapani zinazopatikana kwenye makabati ya wajomba. Lenzi zote mbili ni f/1.7, kali kweli. Zilitengenezwa kwa betri za zebaki ambazo haziuzwi tena, utahitaji mbadala. Canonet inapiga hata bila betri ukipanga mwenyewe. Yashica bila betri hubaki kwenye kasi moja tu ya shata, 1/500 ya sekunde. Kwa hiyo Canonet iko mbele. Ni nzito, hazifichiki, ila ni tulivu.

Leica M, renjifainda ya Kijerumani, sijaipa namba. Leica ya kwanza iliuzwa 1925, M3 ikaja 1954, na mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alibandika utepe mweusi kwenye sehemu zinazong'aa za Leica yake ili isimvute mtu jicho. Upigaji huu wote tuliorithi umetoka humo. Lakini M6 iliporudishwa sokoni 2022 ilikuwa dola 5,295, bila lenzi. Kwa pesa hiyo nunua Ricoh, pikipiki, na mafuta ya kufika Masasi na kurudi mara nyingi.

Na simu? Mlio unazimika, kila mtu anayo. Ila siku hizi ukinyoosha simu mbele ya mtu, anajua anaelekea kwenye statasi ya WhatsApp, na uso unakaza papo hapo.

Ukinunua renjifainda ya mtumba, nenda nayo ufukweni. Zungusha lenzi hadi mwisho wa umbali, kisha tazama mlingoti wa dau lililo mbali. Taswira mbili lazima ziwe moja. Mlingoti ukiwa miwili, renjifainda imehama na kila picha ya karibu itakuwa na ukungu. Fungua mgongo uguse sponji nyeusi za pembeni. Zikinata kama lami, zimeyeyuka na mwanga utapenya. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma: nyuzi kama za buibui ni kuvu. Pwani yetu kuvu haiponi yenyewe, huzidi, na inapenda giza na unyevu. Ule mkoba wa ngozi unaouzwa pamoja na kamera za zamani unatunza unyevu, kwa hiyo uache dukani. Weka kamera kwenye kopo la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe mvua za masika zikianza.