Saa ya adhana isiyojua niendako: nyota nne

Nina miezi minane nayo hapa Newark, New Jersey. Niliinunua dola 38 kwenye duka la vitabu na kanzu. Ni saa ya mezani, ya betri mbili ndogo, yenye vitufe vitano nyuma. Unachagua mji mara moja, basi. Haina intaneti wala haitaki namba ya simu.

Kwa hilo tu ndiyo niliitafuta. Zamani nilitumia programu ya sala ya bure kwenye simu. Novemba 2020 waandishi wa habari walifichua kuwa Muslim Pro, programu ya sala iliyopakuliwa mara zaidi ya milioni 90, ilikuwa ikiipa kampuni ya X-Mode taarifa za mahali walipo watumiaji. X-Mode nayo ikiwauzia wakandarasi, yaani kampuni zenye mikataba na serikali, na kwa mkondo huo zikafika jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kuachana na X-Mode. Yangu ilikuwa nyingine, lakini nilipoyasoma masharti yake nikakuta neno “washirika” bila jina hata moja. Nikaifuta usiku uleule.

Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi wakitaka kwa kampuni ya simu kumbukumbu za siku nyingi za mahali ulipopita, kwa kawaida lazima wawe na hati ya hakimu. Sasa serikali ikizinunua sokoni kama nyanya, hakimu anaulizwa wapi? Hilo linanichoma. Na sisi wa Newark tunajua kuandikwa kwenye daftari. Mwaka 2007 polisi wa New York walivuka mto wakaja kupiga picha misikiti yetu, maduka na mahali tunapokula, wakaandaa ripoti ya kurasa 60. Hawakutaja kosa hata moja la jinai. Kosa letu lilikuwa kuswali.

Turudi kwenye saa. Newark haimo kwenye orodha yake, nimeweka New York. Tofauti haifiki dakika. Alasiri ilikuja imepangwa kwa madhehebu ya Kihanafi, yanayoichelewesha, na sisi watu wa Tanga ni Mashafii, kwa hiyo badilisheni kabla ya kuitegemea. Alfajiri pia ilitangulia ratiba ya msikiti wetu mpaka nilipobadilisha namna ya hesabu. Adhana ni kali mno. Hata kwenye sauti ya chini kabisa mtoto anaamka.

Dira ya kibla ndiyo iliyokula nyota moja. Nilipoiweka juu ya friji ilinionyesha kusini! Isogezeni mbali na vyuma. Nyumbani Tanga tulielekea kaskazini, hapa ni kaskazini mashariki.

Saa zikirudishwa nyuma Novemba mnaibadilisha wenyewe kwa mkono. Nimeshamnunulia dada yangu ya pili.