Laptopu za shule kwa bei ndogo: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT, Marekani, aliahidi laptopu ya mwanafunzi kwa dola 100. Ilipoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2007 ilikuwa inakaribia dola 190, kwa sababu hesabu yake ilitegemea oda za mamilioni na serikali nyingi zilisita kuagiza. Kwa hiyo ukiikuta Kariakoo laptopu mpya ya boksi kwa shilingi 350,000, uliza kwanza ndani wamepunguza nini.

Mimi nilitumwa na kamati ya wazazi: laptopu 12 za chumba cha kompyuta, bajeti milioni 6. Hivi ndivyo ninavyozipanga sasa.

1. Za ofisi, za mtumba

HP EliteBook 840, ThinkPad za T, Dell Latitude. Makampuni ya nje huzitumia miaka michache na kuzibadilisha, nazo nyingi hutufikia kupitia Dubai. Nazipa namba moja kwa sababu fundi yeyote anazijua: kibodi inabadilishwa, rami (kumbukumbu ya kufanyia kazi) inaongezwa, betri inapatikana.

Angalia umri wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. EliteBook 840 G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, na Windows 11 inataka cha nane kwenda juu. Windows 10 nayo iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Una njia mbili: uongeze hela uchukue 840 G5 au ThinkPad T480, au uweke Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kwenye G3. Sisi tuliweka Mint, na watoto hawakuuliza hata swali. Aliyenung'unika ni mwalimu.

Kwenye betri usikubali kuambiwa "inakaa na chaji, kaka". Fungua dirisha la amri (Command Prompt) la Windows, andika *powercfg /batteryreport*, kisha linganisha uwezo wa kiwandani na wa sasa. Moja niliyoshika ilitoka kiwandani na mWh 46,500, imebaki 28,000, yaani asilimia 60. Muuzaji alikuwa ameshaniapia kwamba ni kama mpya.

Halafu ifute yote, uiwashe upya ikiwa kwenye intaneti, papo hapo dukani. Moja ya kwangu ilipomaliza kujifuta ilidai barua pepe ya kampuni fulani ya Ujerumani. Ilikuwa bado imesajiliwa kwa wenyewe, na hiyo hufuti kwa ufundi wa kawaida. Jaribu pia kuingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani inayofunguliwa mashine inapowaka (HP bonyeza F10, Dell F2, Lenovo F1). Ikidai nenosiri, irudishe mezani.

Sasa bei, maana hapa ndipo nilipotoka jasho. Ukiingia Kariakoo na winga, yaani dalali, cha juu chake kimo ndani ya bei kabla hujasalimia. Mzigo unanunuliwa kwa dola, hivyo shilingi ikiteleza leo, hata laptopu iliyokaa rafuni tangu mwezi uliopita inapanda kesho asubuhi. Kisha kuna lile swali la kimyakimya: "Na risiti, au bila?" G3 yenye rami GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 niliambiwa 480,000. Nilipotaja risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ikaongezwa VAT asilimia 18: 566,400. Mtu binafsi anaweza kujifanya hakusikia, ingawa risiti ni haki yake. Shule haiwezi, mkaguzi atakuja.

2. Ndogo za shule, za mtumba

ThinkPad 11e, HP ProBook x360 11. Zimetengenezwa kwa ajili ya watoto, hazivunjiki ovyo, na bei iko chini ya za ofisi. Ila nyingi zina rami ya GB 4 na prosesa nyepesi. Kwa darasa la nne zinatosha. Mwanafunzi wa chuo atalia.

3. Chromebook

Hizi zinatumia mfumo wa Google na hutegemea sana intaneti. Nyepesi, na chaji inakaa. Lakini kila moja ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho, na za mtumba nyingi ziko ukingoni. Tafuta tarehe hiyo kwenye mipangilio kabla ya kutoa hela. Kama shule yenu intaneti ni ya kubahatisha, ruka kabisa.

4. Mpya za bei ya kutupa

Hizi ndizo za 350,000. Diski yake ni eMMC, aina ya bei rahisi, ya GB 64, imechomelewa kwenye ubao, haibadilishwi. Windows 11 yenyewe inadai GB 64 kama kiwango cha chini, sasa insha za watoto zikae wapi? Za GB 32 zipo pia, na zinauzwa bila haya.

Kwa 566,400, laptopu 12 zingefika 6,796,800. Tulichukua 10, zikabaki shilingi 336,000 za betri na chaja za akiba. Mwenyekiti wa kamati bado ananiuliza mbili nyingine ziko wapi.