Dawa ya silani na siloksani kwenye dohani ya zamani ya matofali: uzoefu wangu

Dawa hii ya kuzuia maji naikubali, na ningeinunua tena kwa dohani yoyote ya matofali ya kuchoma iliyojengwa kwa chokaa. Ila sharti langu ni moja: iwe kazi ya mwisho kabisa, baada ya kutengeneza sehemu ya juu ya dohani, mota (mchanganyiko unaojaza viungo kati ya tofali na tofali), na bati zinazoiunganisha na paa. Dawa haizibi ufa wala haikaushi ukuta. Ukiipulizia juu ya ukuta uliokwisha kunywa maji, maji hayo yanabaki na njia moja tu ya kutoka, nayo ni kutoka polepole kama mvuke. Baridi kali ikiyakuta humo, yanaganda nyuma ya uso wa tofali.

Uharibifu wote wa majira ya baridi unaanzia hapo. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na tofali lililojaa maji halina nafasi ya kupokea ongezeko hilo. Uso wake unabanduka vipande bapa vya milimita chache, na ndani yake inabaki sehemu laini inayokunywa maji kwa kasi zaidi. Wala si usiku mmoja wa baridi unaofanya hivyo. Ni kule kuganda usiku na kuyeyuka mchana, tena na tena, majira mazima. Dohani huumia kuliko ukuta mwingine wowote wa nyumba kwa sababu imesimama juu ya paa, pande zake zote nne zinapigwa na upepo na mvua, na ndani hupita moshi wenye mvuke wake.

Ninayoizungumzia ni ile iliyochanganywa kwa maji, si ile ya kiyeyushi chenye harufu kali. Molekuli za silani ni ndogo na zinapenya ndani zaidi; za siloksani ni kubwa, zinabaki karibu na uso. Zote mbili hushikana na silika, yaani madini ya mchanga, iliyomo kwenye tofali na kufanya kuta za vitundu vyake zikatae maji, huku vitundu vyenyewe vikibaki wazi. Mvuke unaendelea kutoka. Rangi, vanishi ya akriliki na vimiminika vya kung'arisha matofali havifanyi hivyo: vinaweka utando, unyevu unanaswa nyuma yake, na barafu ikija unabanduka utando pamoja na uso wa tofali. Kopo likisema linang'arisha au linaacha utando, lirudishe dukani hata kama limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni la dohani.

Kabla ya kununua, lijaribu tofali kwanza. Siku kavu, pulizia maji kidogo kwenye matofali mazima na kwenye mota, hasa upande unaopigwa na upepo wa mvua. Yakizama papo hapo na tofali likawa jeusi, linahitaji dawa. Yakiteremka bila kubadilisha rangi, tunza pesa zako. Anayetaka uhakika zaidi atumie mrija mdogo wenye vipimo unaobandikwa ukutani kwa udongo laini: unajazwa maji, kisha unasoma yamepungua kiasi gani kwa dakika 20.

Kisha soma dalili, maana zinasema maji yanapita wapi. Matofali ya mistari mitano au sita ya juu yakiwa yamebanduka huku ya chini ni mazima, tatizo ni kofia ya zege iliyo juu. Dari ikilowa karibu na dohani baada ya mvua ya upepo, kagua flashingi, yaani vile vipande vya bati au risasi vinavyokunjwa kutoka paani hadi ukutani. Ncha zake za juu ziingie ndani ya viungo kama milimita 25, zisigandishwe tu juu ya tofali kwa silikoni. Mvua ikidondoka moja kwa moja hadi mekoni, hakuna kifuniko. Weka cha chuma kisichoshika kutu, chenye wavu, basi.

Kofia ya zege nataka kuikazia. Kwenye dohani nyingi za zamani ilimalizwa kwa mota iliyobaki, nyembamba pembeni, imeungana moja kwa moja na vigae vya udongo vya njia ya moshi. Vigae vinapopata joto vinatanuka, mota inapasuka, na kila ufa unakuwa mfereji wa kupeleka maji katikati ya ukuta. Nyufa zisizozidi milimita 3 kwenye zege lililo imara zinafunikwa vizuri na dawa ya kupaka inayonyumbulika, ile nzito ya brashi. Zikizidi hapo, au kipande kikicheza ukikigonga, vunja umwage upya: unene usipungue milimita 50 kwenye ukingo, mteremko uelekee nje, na ukingo uchomoze milimita 50 nje ya matofali, na chini yake uweke mfuo wa kukata matone. Kuzunguka kigae acha nafasi ya milimita 6 hadi 10, uijaze kwa kamba ya sponji kisha silikoni ya nje. Bila nafasi hiyo kofia mpya itapasuka kama ile ya kwanza.

Mota ndiyo inayoharibiwa zaidi na mafundi wa haraka. Tofali la zamani ni laini, na lilijengwa kwa chokaa ili unyevu utokee kwenye viungo. Ukijaza viungo hivyo kwa saruji, mota inakuwa ngumu kuliko tofali na unyevu unatafuta njia kupitia tofali lenyewe. Utaitambua kazi hiyo ukiwa juu ya ngazi: mota imesimama mbele, nzima na ya kijivu, matofali yamerudi nyuma sentimita moja au zaidi, na ukipitisha kidole katikati yao kinatoka na unga mwekundu. Hapo ondoa saruji kwa tindo jembamba na nyundo. Grenda inapanua viungo na kukata kingo za matofali. Ingia ndani milimita 20 hadi 25, au mara mbili na nusu ya upana wa kiungo. Safisha vumbi, lowesha, kisha jaza kwa chokaa ya hidroliki asilia (inayokazwa na maji) ya daraja la 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 2.5 za mchanga mkali, kwa tabaka zisizozidi milimita 10. Funika kwa magunia yenye unyevu. Nyuzi joto zisishuke chini ya 5 hata usiku, kwa hiyo kazi hii iishe mapema, muda mrefu kabla ya jalidi ya kwanza. Baada ya hapo subiri siku 28 ndipo ufungue kopo la dawa.

Siku ya kupulizia, ukuta uwe mkavu kwa saa 24 au zaidi na mvua isitarajiwe. Chumvi nyeupe iliyojitokeza usoni mwa tofali ifute kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Asidi isikaribie chokaa, na mashine ya maji ya shinikizo isikaribie tofali laini. Funika madirisha kwa plastiki, kwa sababu dawa ikikaukia kwenye kioo inaacha doa gumu sana kuondoa. Tumia pampu ya mkono ya shinikizo dogo, yenye nozeli inayotawanya dawa kama upepeo. Anza chini, panda juu, ukimwaga hadi dawa iteremke sentimita 15 hadi 20 chini ya pale unapopulizia. Ukianza juu, michirizi inakauka na kuacha mistari isiyonywa vizuri. Mkono wa pili, yaani kupulizia mara ya pili, ufuate kwa dakika chache, wa kwanza ungali mbichi; ukikauka, unaukataa wa pili. Dawa iliyosimama kwenye viungo isambaze kwa brashi isije ikaacha weupe.

Kuhusu kiasi, hapo ndipo nina lawama. Eneo linaloandikwa kwenye kopo ni la tofali gumu na laini usoni. Kwa tofali la zamani hesabu lita 1 kwa mita za mraba 2 hadi 3 kwa mkono mmoja. Dohani ya sentimita 90 kwa 60, yenye mita 1.8 juu ya paa, ina mita za mraba 5.4; kwa mikono miwili, nunua lita 5.

Lawama nyingine ni picha za matangazo za matone ya maji yanayoviringika juu ya tofali. Matone hayo ni ya juujuu na hupotea mapema kwa jua na vumbi, watu wakadhani dawa imekwisha. Kipimo ni rangi: tofali likilowa bila kuwa jeusi, kinga ya ndani bado ipo. Rudia jaribio hilo kila mwaka kabla ya baridi, upande wa upepo, na upulizie tena pale tu tofali linapoanza kunywa.

Kwa dohani ya jiwe la chokaa siipendekezi, kwa kuwa silika ya kushikana nayo ni kidogo mno. Na kama meko haitumiki, acha kifuniko chenye matundu juu na tundu la hewa chini. Dohani iliyozibwa pande zote mbili inalowa kwa ndani, ambako dawa hii haifiki.