Injini ya petroli ya 20cc kwenye ndege ya mfano: miezi minane ya kuiwasha kwa mkono

Nimekulia Tanga kwenye gereji ya baba, kwa hiyo kiki ya pikipiki inayorudi na kukugonga ugoko naijua vizuri. Bado injini niliyonunua hapa Ohio kwa ajili ya ndege yangu ya mfano imenifunza adabu upya. Ni ya petroli, tu-stroki, silinda moja ya 20cc. Ukiipima pamoja na ekzosi na CDI (kisanduku cha umeme kinachotoa cheche) haifiki kilo moja, ila inazungusha propela ya mbao ya inchi 16 bila kulalamika.

Awali nilikuwa na injini za methanoli. Zile zinanukia mafuta ya nyonyo, zinalowesha ndege nzima, na mafuta yake ni ghali. Hii inakunywa petroli ya kituoni, lita 3 kwa mililita 100 za oili. Mfuko wangu umepumua.

Kuiwasha ni rahisi kuliko nilivyotishwa. Mkia naufunga kamba kwenye kigingi cha chuma nilichokikita ardhini, na mwenzangu anaishika ndege kwa nyuma. Rimoti inawashwa kwanza, mafuta yanaachwa juu ya silensi (mzunguko wa chini kabisa) kidogo tu, maana ikishika huku umefungulia mafuta yote, ndege inakurukia. Nafunga choki, nawasha swichi ya CDI, napiga propela kwa nguvu. Baada ya mapigo manne au matano inakohoa, kisha kimya. Hapo nafungua choki, napiga tena mara mbili tatu, inanguruma. Asubuhi za baridi mapigo huongezeka, uwe na subira.

Sipigi kwa kidole. Nina kijiti kinene kilichovikwa mpira, cha dola chache, na mkononi glavu ya ngozi. Cha ajabu, boksi la injini halikuwa na kijiti. Nilipewa stika.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Kwenye habu ya propela kuna sumaku. Ikipita mbele ya sensa, CDI inatoa cheche. Haiulizi kama umekusudia kuwasha au unasogeza tu propela ikae vizuri. Mwezi wa pili nilikuwa na haraka, nikadhani nimezima swichi, nikaisogeza propela kwa vidole. Tumboni mwa injini kulikuwa na petroli iliyobaki. Ikapiga mara moja tu. Glavu iliokoa kidole, ukucha ukawa mweusi na baadaye ukang'oka. Kosa langu, nakubali. Lakini ile swichi iliyokuja na injini haina taa, na ikiwa imezimwa au imewashwa inaonekana vilevile! Nimeitoa, nikaweka yenye taa nyekundu, pamoja na kifaa cha kuzima CDI kutoka kwenye rimoti. Hata hivyo, propela naishika siku zote kama vile iko hai.

Wengi wanaogopa kuwasha. Mimi naogopa zaidi dakika mbili zinazofuata. Injini imeshashika, umefurahi, unataka kugusa skrubu za kabureta. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika propela inapita zaidi ya mara 100 kila sekunde, na jicho linaona ukungu tu. Mkono haupitishwi juu yake hata siku moja: zunguka kwenye ncha ya bawa, uje kwa nyuma, ndipo uguse skrubu. Kamba ya rimoti shingoni na vikamba vya sweta navivua kabisa. Na ndugu watazamaji wasikae ubavuni, sambamba na propela, kwa sababu kipande kikivunjika huruka upande huohuo.

Mtetemo wake ni mkubwa. Boliti za ekzosi zililegea wiki ya kwanza mpaka nilipozitia gundi ya nati, na boliti za propela nazikaza kila siku kabla ya kuruka, maana mbao husinyaa.

Nguvu, ulaji wa mafuta na uwakaji ni safi. Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano wataipata siku wakiondoa zile stika na kuweka kijiti na swichi yenye taa.