Mafaili membamba ya ringi ya kutengenezesha: uzoefu wangu

Anayetaka kujua nafasi ya ofisi yake inaliwa na nini asihesabu karatasi, atazame migongo ya mafaili. Boksi faili ya kawaida, ile yenye wenzo wa chuma ndani na tundu la kidole mgongoni, ina unene wa sentimita 8. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita, ndiyo maana rimu nzima ya karatasi 500 hufika sentimita 5 hivi. Sasa chukua duka la vipuri ambalo kwa mwaka mzima linatoa karatasi 150: mauzo, manunuzi, taarifa za benki, ritani za kodi. Hiyo ni sentimita moja na nusu. Sita na nusu zilizobaki ni hewa tupu. Mimi natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo kwenye chumba kimoja Ilala, na hewa hiyo nailipia kodi ya pango kila mwezi.

Boksi faili siidharau hata kidogo. Ni kitu kilichobuniwa kwa akili sana. Friedrich Soennecken wa Bonn, Ujerumani, alisajili ubunifu wa panchi yake ya kutoboa karatasi mwaka 1886, naye Louis Leitz wa Stuttgart akaja na faili la wenzo mwaka 1896. Lile tundu la kidole liliongezwa mwaka 1911. Muundo ule umedumu kwa sababu unafanya kazi: unainua wenzo, matao yanaachana, unachomeka risiti ya mwezi Machi mahali pake bila kuzitoa za Aprili hadi Desemba. Wengi hawajui hata zile tundu mbili ndefu kwenye jalada la mbele ni za nini. Ni za kupitisha vichwa vya matao ili jalada lishikwe, faili libaki limebanwa na lisitanuke mdomo. Kwenye boksi faili za bei ya chini tundu hizo mara nyingi hazilingani na matao, ndiyo maana nyingi zinasimama rafuni zimeachama. Kwa mteja mwenye malori na hati za malipo za kutosha, mpaka leo natumia boksi faili na sioni mbadala wake. Shida ni kuwa ilitengenezwa kwa ofisi yenye karatasi nyingi za aina moja, nasi tunamfungulia mwenye saluni.

Na kutupa haiwezekani. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kwa hiyo kila mteja anakuja na mafaili matano mgongoni, hata kama karatasi zake zote kwa pamoja zingeingia kwenye mfuko mmoja. Rafu yangu ina upana wa sentimita 90, inachukua boksi faili 11. Wateja wawili tu, na faili moja la wa tatu, rafu imekwisha.

Nilianza kwa kutafuta mafaili membamba ya dukani. Yapo, lakini mengi ni ya wanafunzi: jalada la plastiki laini linalopinda likisimamishwa, na ringi za mviringo zilizopigiliwa mgongoni. Ringi ya mviringo inaonekana kubwa lakini karatasi hazikai sawa ndani yake. Za juu na za chini zinafuata duara, kingo zinapishana, na ukifunga faili kwa nguvu, zile za mwanzo zinajikunja kwenye chuma. Ringi yenye upande mmoja ulionyooka, yenye umbo la herufi D, inapanga karatasi wima moja juu ya nyingine, hivyo kwa unene uleule wa mgongo inabeba nyingi zaidi. Nina pia mafaili mazuri sana ambayo ndugu walinitumia kutoka Marekani, yamekaa bila kazi. Yana ringi tatu zilizoachana kwa milimita 108. Panchi zetu hufuata kipimo cha kimataifa cha ISO 838: matundu mawili, milimita 80 kutoka kitovu hadi kitovu, milimita 12 kutoka ukingo wa karatasi. Huwezi kuwaambia benki watoboe upya.

Basi nikaenda kwa fundi wa kujalidi vitabu, mzee mmoja Kariakoo anayejalidi misahafu, daftari kubwa za hesabu na tasnifu za wanachuo. Nilimwamkia, nikamweleza nataka mafaili ya ringi yasiyozidi sentimita 3, nikamchorea. Akautazama mchoro, akaurudisha.

"Mwanangu, niletee karatasi zenyewe kwanza. Sikupimii faili tupu."

Hapo ndipo nilipojua nimefika mahali pake. Nilimpelekea karatasi za wateja wa aina tatu, akaziweka mezani, akazibana kwa kiganja, akapima unene zikiwa zimebanwa na zikiwa zimeachiwa. Akauliza zinafunguliwa mara ngapi kwa mwezi, na nani anazifungua. Akauliza kina cha rafu. Hakuna muuza mafaili aliyewahi kuniuliza kina cha rafu.

Alichotengeneza ni hiki. Jalada la kadibodi ngumu ya kijivu, limevishwa leksini nyeusi nje na karatasi nene ndani. Ringi mbili za umbo la D, za milimita 20, hazikupigiliwa mgongoni bali kwenye jalada la nyuma, karibu kabisa na mgongo. Hiyo ndiyo siri ya wembamba wake. Ringi zikiwa mgongoni, mgongo lazima uwe mpana wa kubeba bamba la chuma na ripiti zake. Zikiwa nyuma, mgongo unabaki na kazi moja tu ya kufunika karatasi. Halafu karatasi zinalala bapa faili likifunguliwa, unaweza kuandika juu yake. Mgongo umetoka sentimita 3 kamili, na humo karatasi 150 zinaingia na kufunguka bila kusukumana. Upana nao umepungua: boksi faili ina kama sentimita 28.5 kutoka mgongoni hadi ukingoni, haya ni 26, kwa sababu hakuna wenzo unaodai nafasi yake pembeni ya karatasi.

Kuna jambo nilikuwa sijaliwazia. Mgongo wa sentimita 3 hauna nafasi ya tundu la kidole na lebo kwa pamoja, na tundu likitobolewa mgongo unadhoofika. Mzee alishona utepe wa kitambaa chini ya lebo, umetokeza kidogo kama ulimi, unauvuta kwa vidole viwili na faili linakuja. Mpaka sasa hakuna hata mmoja uliong'oka.

Alinionyesha pia kitu ambacho kila anayetengenezesha faili anapaswa kukijua. Kadibodi ina mkondo. Nyuzi zake zimelala upande mmoja. Ukikishika kipande na kukipinda, upande mmoja kinakubali kwa urahisi, upande wa pili kinagoma. Mkondo ukienda sambamba na mgongo, jalada linabaki limenyooka. Ukikatiza, gundi ikishakauka jalada linajikunja, na faili lililojikunja linakula nafasi ya mafaili mawili. Hata ile karatasi ya ndani si pambo. Leksini inavuta jalada upande wa nje, karatasi inavuta upande wa ndani, jalada linasimama katikati. Masika ya mwaka jana, unyevu wa Dar ulipofikia pale unapofikia, mafaili yake yalibaki yamenyooka wakati ya dukani yalijipinda.

Sasa kasoro, maana zipo. Ringi zenyewe hatengenezi yeye, zinanunuliwa madukani, na katika fungu la kwanza baadhi zilikuwa na ncha zisizokutana sawasawa. Pengo ni dogo mno kuonekana kwa haraka, lakini kila ukigeuza karatasi, ukingo wa tundu unanasa humo na kuchanika. Tulizibadilisha, na mzee hakunitoza ufundi wa pili. Tangu hapo nazikagua kabla hazijapigiliwa: nazifunga, naziinua kwenye mwanga, kisha napitisha kipande cha karatasi pale ncha mbili zinapokutana. Kikipenya, ringi hiyo hairudi nyumbani nami. Zinazopakwa nikeli nyembamba nazo zinaanza kutu haraka, hasa kwa mtu aliye karibu na bahari.

Kasoro ya pili ni ya umbo. Faili la ringi siku zote ni nene mgongoni kuliko mdomoni, hasa likiwa halijajaa. Ukiyapanga mengi, yanaachana upande wa mdomo na safu inaanza kulala. Ukiyageuza moja mgongo nje moja mgongo ndani, ungepoteza lebo nusu. Nilichofanya ni kuweka vigawio vya mbao kila baada ya mafaili manane au tisa, na kuacha nafasi ya kupitisha vidole. Kwa hesabu ya daftari rafu ya sentimita 90 ingebeba mafaili 30. Kwa uhalisia inabeba 26. Dhidi ya 11 za zamani, nimeridhika kabisa.

Tulijaribu pia faili la mgongo unaopanuka. Kampuni ya Kokuyo ya Japani inalo la namna hiyo, mgongo wake unakua kadiri karatasi zinavyoongezeka hadi kufikia 1,000, na nilitamani sana kupata lake la hapa nyumbani. Mzee alikunja leksini mgongoni ili itanuke. Likiwa na karatasi chache linapendeza. Likijaa, mgongo unabonyea katikati na faili halisimami tena lenyewe. Huo usimwagize, leksini haina ugumu wa kazi hiyo.

Bei: moja limenitoka karibu na bei ya boksi faili mbili za kawaida. Mtu akiangalia faili moja ataona ghali. Akiangalia kabati la pili ambalo sikulinunua, na chumba cha pili ambacho nilikuwa nimeshaanza kukiulizia, ataona vingine.

Lakini faili jembamba peke yake lisingenitosha kama ningeendelea kuacha kila mwaka ndani ya ringi. Hesabu za mwaka zikishafungwa na ritani kuwasilishwa, karatasi zile hazifunguliwi tena mpaka mtu aziulize. Hapo ringi haina kazi. Nazitoa, nazifunga kwa tagi, zile kamba fupi za kijani zenye vyuma viwili nchani ambazo masijala za serikali zimezitumia miaka yote, naweka jalada la karatasi ngumu mbele na nyuma, naandika jina na mwaka, naingiza kwenye katoni. Bunda la tagi halina mgongo, unene wake ni wa karatasi tu. Katoni moja ya rimu za A4 imemeza karatasi zilizokuwa zimejaza rafu nzima. Ringi iliyobaki wazi inampokea mteja wa mwaka mpya. Nikiambiwa nichague kimoja kati ya mafaili ya mzee na mtindo huu wa tagi, nitachagua tagi bila kusita, na tagi bei yake ni ndogo mno.

Jambo jingine linalohusu nafasi ni mifuko ya plastiki. Mfuko mwembamba wa kawaida, pande zake mbili zikijumlishwa, unakaribia unene wa karatasi yenyewe. Ukivisha kila karatasi mfuko, faili la karatasi 150 linageuka la 75. Na mfuko ni mpana kuliko karatasi, unatokeza nje ya jalada la sentimita 26 na kukunjika. Mimi natumia kwa leseni na vyeti tu. Risiti za mashine za EFD, zile za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, usizitie humo kabisa: maandishi yake yanatokana na joto, yanafifia kwa joto na kwa plastiki ya PVC. Zipange kadhaa juu ya kioo cha mashine ya fotokopi, zitolee kopi kwenye A4 moja, toboa, funga. Kopi inadumu, na risiti kumi zinakuwa karatasi moja au mbili.

Nani simshauri? Mwenye karatasi zaidi ya 300 kwa mwaka kwa faili moja, abaki na boksi faili, atapata thamani ya zile sentimita 8. Na mwenye ofisi ambayo mafaili yanashikwa na watu wengi kwa haraka, maana ringi za D zinafunguliwa kwa mkono na mtu asiye na subira anazivuta upande mmoja zikapinda.

Oda ninayoiandaa sasa ni ya mafaili ya sentimita 2 kwa ajili ya wateja wanaoanza, wenye karatasi zisizofika 80. Mzee amesema ringi za milimita 12 anazipata kwa shida na nyingi ni za ncha mbovu, kwa hiyo anayejua duka la Kariakoo au la Mombasa lenye ringi nyembamba zinazofunga vizuri, za kuingia kwenye matundu yaliyoachana kwa milimita 80, aniandikie. Nitakwenda nazo kwake nikiwa nimeshazipima mwenyewe kwa kipande changu cha karatasi.